Tor inajua nani yuko macho, haijui nani ni mwaminifu



"Rele hii iko na alama ya Guard, basi ni ya kuaminika." Maneno haya niliyasikia kwa rafiki yangu mmoja wa informatike, mtu wa akili sana, mwenye anafundisha wadogo namna ya kutumia Tor. Amefika hata kubadilisha mipangilio ya Tor yake ili ipitie paka kwenye rele zenye amechagua yeye mwenyewe: za zamani, za mbio, zenye alama zote. Na anawaambia wengine wafanye vile. Mimi ni mtu wa agronomia, kazi yangu ni mbegu na udongo. Lakini hati yenye kanuni za alama hizo iko wazi kwa kila mtu, inaitwa dir-spec, nikaisoma. Haisemi kile rafiki yangu anachosema. Nataka kuizungumzia hapa kama vile tunavyozungumzia kitabu: pale inanifurahisha, na pale naona inatupoteza kwa majina tu.

Kwa wale hawajaizoea. Tor ilizaliwa kutoka kazi ya maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani, miaka ya 1990, na tangu 2006 inashikwa na shirika lisilo la faida. Unapofungua ukurasa kwa Tor, maneno yako yanafungwa mara tatu na kupitishwa kwenye mashine tatu. Mashine hizo njo tunaita rele. Ya kwanza inajua wewe ni nani lakini haijui unaenda wapi. Ya mwisho inajua unaenda wapi lakini haijui ni wewe. Ya katikati haijui moja wala lingine. Mashine hizi ni maelfu, na wenye kuziendesha ni watu wa kujitolea, hawalipwi kitu. Kuko wakati mtu akishika rele nzuri kwa miezi miwili alikuwa anaweza kuomba fulana, njo mshahara wote.

Hatari iko mahali pamoja. Kama mtu mmoja anashika rele ya kwanza na ya mwisho kwenye njia yako kwa wakati mmoja, hahitaji kufungua maneno yako. Analinganisha saa na wingi: hapa kumeingia kiasi hiki, pale kumetoka kiasi hiki, saa ni ileile. Basi ni wewe. Kwa mtu anayesoma habari za mpira si kitu. Kwa mwanafunzi anayetuma ripoti juu ya machimbo fulani, au juu ya askari fulani, ni maisha yake.

Kwa hiyo swali la nani anasimama mbele si la mapambo. Nani anajibu? Ni mashine kama tisa hivi za orodha, zinashikwa na watu wanaojulikana na mradi, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kila saa moja zinapiga kura na kutoa orodha moja ya rele zote, na kando ya kila rele alama zake. Kila alama inahitaji wengi wakubali. Programu yako inasoma orodha hiyo na kuchagua.

Sasa alama zenyewe. Ya chini kabisa inasema tu kwamba rele inaishi: mashine ya orodha imeweza kuifikia katika dakika 45 zilizopita. Kuko ya mbio, Fast: kilobaiti 100 kwa sekunde zinatosha, kwa hiyo karibu kila mtu anaipata. Kuko ya uimara, Stable: wastani wa muda kati ya kuanguka na kuanguka usiwe chini ya mediani ya zingine, au ufike siku 7. Halafu kuko ile kubwa, Guard, yaani mlinzi, yenye inakuruhusu kusimama kama rele ya kwanza ya mtu. Hapo wanataka uwe na hizo mbili za kwanza, ujulikane kwa siku 8 hivi, uwe na megabaiti 2 kwa sekunde au uwe ndani ya robo ya zile za mbio zaidi, na sehemu ya wakati uliokuwa macho isipungue mediani au ifike asilimia 98.

Kitu kimoja ndani ya hati hii ni kizuri sana, na sijaona wengi wakikisema. Mashine za orodha zinasahau. Kila saa 12, uzito wa yale yaliyopita unazidishwa na 0,95. Piga hesabu: kosa la wiki moja iliyopita limebaki karibu nusu, la mwezi mmoja liko chini ya asilimia 5. Rele iliyoanguka siku tatu juu mwenyewe alikuwa anahama nyumba, mwezi ukiisha ni kama haikuanguka. Kwetu mtu akipata ajurne mwaka wa kwanza, ile karatasi inamfuata mpaka siku ya kutafuta kazi. Naona walioandika kanuni ya 0,95 walielewa kwamba alama inatakiwa kusema hali ya leo, si kulipiza.

Kitu cha pili kizuri ni kwamba hawakubali maneno ya mwenyewe peke yake. Zamani rele ilikuwa inajitangazia mbio zake, na Tor inaamini. Mwaka 2007 Kevin Bauer na wenzake walionyesha kitu chenye kila mkulima anajua: ukiuliza mtu shamba lake linatoa ngapi na jibu linaleta zawadi, atakuambia mara tatu. Rele dhaifu ikidanganya kwamba ina nguvu, ilivuta wasafiri wengi kwake. Leo baadhi ya mashine za orodha zinapima zenyewe, kwa kushusha faili kupitia rele, na uzito wako unatoka kwenye mediani ya vipimo vyao. Bila vipimo vitatu, uzito wako unawekewa kifuniko kidogo sana, unabaki chini karibu na sifuri. Sisi wa agronomia tunaelewa bila kuelezwa. Hauwezi kusifu aina ya maharagi kwa kipande kimoja cha shamba, unarudia kwenye bloki tatu, nne, na bloki moja ikiwa na kichuguu, haiharibu yote.

Lakini angalia bloki zao ziko wapi. Wapimaji wako Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Faili ikisafiri kutoka huko mpaka mashine iliyoko Johannesburg ao Nairobi na kurudi, muda wa njia peke yake unashusha kipimo, hata kama mashine ina nguvu sawa na ile ya Frankfurt. Kipimo kikishuka, uzito unashuka, wasafiri wanapungua, na mwenye rele anaona analipia kitu chenye hakuna mtu anatumia, anafunga. Kwa hiyo Ujerumani, Uholanzi, Marekani na Ufaransa zinabeba sehemu kubwa ya njia zote. Ni kama kujaribu aina ya muhogo Mulungu tu, juu kwenye baridi, halafu uandike kwamba haifai kwa Uvira. Haujapima muhogo, umepima Mulungu.

Na tuseme ukweli juu ya asilimia 98. Nilifanya hesabu kwa kalamu. Kwa kanuni ya 0,95, ukumbusho wote wa mashine hizi ni sawa na saa 240 hivi, yaani siku 10. Asilimia 2 ya hizo ni saa 4 na dakika 48. Maana yake, umeme ukikatika jioni moja kutoka saa 12 mpaka karibu saa 5 ya usiku, tayari umefika kwenye mpaka. Kwa mtaa wenye delestaji ya saa tatu kila siku, rele inakaa kwenye asilimia 87 na nusu milele. Uimara wa siku 7 usiuongee hata. Na hapo sijasema kwamba wanaomba angalau megabiti 10 kwa sekunde kwenda na kurudi, wakati wengi wetu tunanunua mega kwa siku, na rezo ya simu mara nyingi haikupi hata anwani yenye mtu wa nje anaweza kuifikia.

Hapo kuko wenye watasema: ona, ni ubaguzi, washushe mpaka. Sikubaliani nao. Kanuni ya asilimia 98 haikuandikwa kwa ajili ya mwenye rele. Iliandikwa kwa ajili ya mtu aliye upande mwingine. Programu yako inachagua mlinzi na kumshika kwa miezi, makusudi. Ukibadilisha rele ya kwanza kila siku, siku moja utaangukia ya mwizi; ukishika moja kwa muda mrefu, ama una bahati ama hauna, lakini haurudii kamari kila asubuhi. Basi mlinzi anayelala saa tatu kila siku analazimisha watu wake kutafuta mwingine, na kamari inaanza tena. Umeme wetu ni shida yetu, haifai kuilipisha kwa usalama wa mtu wa Iran.

Lawama yangu iko kwengine. Soma tena masharti yote ya mlinzi: siku, mbio, kuwa macho. Hakuna hata sharti moja linalouliza yeye ni nani na anafanya nini na kile anachokiona. Kwa mbegu tuna vipimo viwili tofauti. Kwenye maabara unachukua mbegu 400, unaziweka kwenye unyevu, unahesabu ngapi zimeota. Hiyo inakuambia mbegu iko hai. Lakini haikuambii kama ni aina ile iliyoandikwa kwenye mfuko. Kwa hiyo kuko kipimo cha pili: mkaguzi anaenda shambani, anatembea kati ya mistari, anatazama majani na maua, anang'oa zile za kigeni. Mfuko wenye kuota asilimia 95 unaweza kuwa umejaa aina ya uongo. Alama za Tor ni maabara tu. Mkaguzi wa shamba hayumo ndani ya kanuni.

Na wezi waliona hiyo kabla yangu. Tarehe 30 mwezi wa kwanza 2014, rele 115 ziliingia kwenye rezo, zote kwenye fungu mbili tu za anwani. Zilikuwa za mbio, hazilali. Zikapata alama ya mlinzi, na zikapata ile nyingine inayoruhusu kuhifadhi anwani za huduma za siri, HSDir. Zilifika karibu asilimia 6,4 ya nguvu yote ya walinzi. Zilikuwa zinatia alama ndani ya safari za watu ili kuwatambua. Zilitolewa tarehe 4 mwezi wa saba. Miezi mitano! Na kwa muda wote huo, kwa kanuni za hati, zilikuwa wanafunzi wenye distinksio.

Halafu kuja kwenye kundi lililopewa jina KAX17. Mtafiti mwenye anajiita nusenu alilieleza mwaka 2021. Lilikuwa linafanya kazi tangu 2017 angalau, na kwa wakati wake wa juu lilikuwa na rele zaidi ya 900. Kuko siku ambapo mtumiaji alikuwa na nafasi mpaka asilimia 16 ya kuanza kwa rele yao, na mpaka 35 ya kupita kwao katikati. Nani aliwakamata? Si alama. Ni macho ya mtu aliyeona kwamba rele nyingi sana zinafanana kwa namna ya kushangaza na hazina mahali pa kumpata mwenyewe. Mwaka 2020 pia, mwezi wa tano, kundi lingine lilishika karibu asilimia 24 ya nguvu ya rele za kutokea, na lilikuwa linavua ulinzi wa kurasa za pesa za bitcoin ili kubadilisha anwani na kuiba. Rele zenyewe zilikuwa na afya nzuri kabisa. Wale wenu mnaolima muhogo mnajua ugonjwa wa michirizi ya kahawia: shamba ni kijani, jirani anakusifu, ukichimbua mizizi imeoza.

Kuko hata upande wa kuchekesha, kama si wa kuhuzunisha. Mtu mwaminifu akiweka rele yake mpya, siku za kwanza hapati wasafiri, bado hajapimwa. Akipimwa, wanaanza kuja. Siku ya nane hivi anapata alama ya mlinzi, anafurahi, na wasafiri wanashuka! Roger Dingledine wa Tor alieleza hii mwaka 2013: wakishakuona mlinzi, programu za watu zinaacha kukutumia katikati, na wale wa kukuchukua kama mlinzi wanakuja polepole, mpaka kama siku ya 68. Mtu wa kujitolea anakata tamaa hapo, anafikiri mashine imeharibika. Mwizi mwenye bajeti hakati tamaa. Analipa kwa wakati, haihami nyumba, hana delestaji, na kungoja siku 68 kwake ni kazi ya ofisi. Kanuni inayotoa zawadi kwa uvumilivu na pesa itamkuta mwizi mvumilivu mwenye pesa amepanga foleni mbele.

Wenye Tor wanajua haya yote, nisiwasingizie. Ndiyo maana njia ina rele tatu na si moja, ndiyo maana walinzi wanashikwa kwa miezi, ndiyo maana kuko alama ya aibu kwa rele za kutokea zinazokamatwa, na mashine za orodha zinaweza kufukuza mtu kwa mkono. Wameanza pia kukusanya wenye rele ili wajuane sura. Wanaomba kila mwenye rele nyingi azitangaze kama jamaa moja, ili programu isichukue mbili zake kwenye njia moja. Lakini kutangaza ni kwa hiari. Mwizi gani anajiandikisha na ndugu zake?

Kinachonichoma ni jina. Wangeita alama hiyo "inafaa kwa nafasi ya kwanza", ningenyamaza. Wakaiita mlinzi, na neno hilo linafanya kazi yake kwenye kichwa cha msomaji. Rafiki yangu hakutunga uongo, alisoma neno. Mlinzi wa usiku kwenye parseli tunamsifu kwa kutolala, lakini tunamchukua kwanza juu kuko mtu anamjua. Hapa wamechukua sehemu ya pili ya sifa na kuiacha ya kwanza.

Na lile shauri lake la kuchagua rele kwa mkono, naomba mliache. Programu inachagua kwa bahati, kwa kufuata uzito, ili njia yako ifanane na njia za watu wengine wote. Ukijifungia kwenye rele kumi zenye alama nzuri, umepunguza kazi ya anayekutafuta: anahitaji kununua nafasi kwenye kumi hizo tu, na namna yako ya kutembea inaanza kuwa kama gari lenye namba ya peke yake mjini. Wanafunzi wake wakifuata orodha ileile, wote watakuwa na namba moja. Pia mujue Tor haifanyi muujiza. Kutoka tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, kisha uchaguzi, intaneti ya Kongo ilifungwa siku kama 20. Bomba likifungwa lote, rele yenye alama zote haikusaidii. Ni pale wanapofunga kurasa fulani tu, kama serikali ilivyoagiza kwa mitandao ya kijamii mwezi wa 12, 2016, ndipo Tor ina kitu cha kukufanyia.

Ningependa mtu mmoja wa informatike, anayetafuta somo la kazi yake ya mwisho, alichukue hili. Programu ya kupimia, sbws, iko wazi, mtu yeyote anaweza kuiendesha bila kuomba ruhusa, vipimo vyake havitaingia kwenye kura lakini vitaonekana. Weka moja kwenye mashine ya kukodi Johannesburg na nyingine Ulaya, zipime rele zilezile kwa mwezi mmoja, halafu utuonyeshe tofauti. Mimi nitasaidia kwa takwimu, bloki na marudio ninazijua. Na kwa wenye hawana pesa ya kukodi lakini wana wifi isiyohesabu mega: kuko Snowflake, inakaa ndani ya navigeta yako ya kawaida, inasaidia mtu aliyefungiwa aingie kwenye Tor. Ukifunga kompyuta inakufa, ukifungua inarudi. Hakuna anayeipatia alama.